Mpira Ulioangukia kwa Mama Mkwe

Mtu akikwambia Alois Lugembe ni mpole, ujue hajawahi kukaa naye hata kwenye foleni ya maji. Kabla ya mashindano alipita mtaa wote wa Isevya, mjini Tabora, baraza hadi baraza, akitangaza kwamba kazi ya mwalimu wa gofu pale klabu ya wazungu ni yake, na wengine wote wanakwenda kuloa tu. Kuhusu kuloa alisema kweli. Hayo mengine tutayaona.

Mambo yalianza hivi. Mwalimu mzungu, aliyekuwa akilipwa kufundisha wazungu wenzake kupiga mpira, tumbo lilimsumbua akarudi kwao Ulaya. Kamati ya klabu ikaona kuleta mwingine kwa meli ni taabu tupu. Wakasema basi, kedi wenyewe washindane, yaani hao vijana wanaowabebea mifuko ya fimbo. Atakayewashinda wenzake ndiye mwalimu: mshahara wa kila mwezi, kofia, na kijumba cha bati nyuma ya klabu. Hilo bati ndilo lililomkosesha Alois usingizi. Yeye na mkewe Getruda walipanga chumba cha nyasi ambacho mvua ikinyesha nje kidogo, ndani inanyesha sana.

Na gofu alikuwa anaijua, tusimnyime haki yake. Alitoka Usoke akiwa kijana kuja kufyeka majani ya uwanja, akapanda akawa kedi. Akajichongea fimbo ya mninga, akawa anacheza jioni wazungu wakishaingia kunywa. Wakati huu tunaousimulia alikuwa akiupiga mpira, wazungu wanavua kofia ili waone vizuri umekwenda wapi.

Ukweni sasa, ndiko kulikokuwa na kazi. Mama yake Getruda, Bibi Eustadia, aliposikia mkwe wake anafanya kazi gani, aliuliza, "Kwa hiyo mwanangu ameolewa na mtu anayefukuza yai kwa fimbo?" Maneno yale yalimfikia Alois kupitia kwa mkewe, maana uso kwa uso hawakuwa wakionana. Kwa Wanyamwezi mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Ukimwona mama mkwe wako anakuja njiani, unaingia porini, hata kama pori lenyewe ni miiba mitupu. Alois alishachanika suruali mara nyingi kwa ajili ya heshima hiyo, na kila ikichanika anakasirika, lakini anaingia.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi. Asubuhi tu kedi wengine wakashindwa, mmoja mmoja, wakabaki wawili: Alois na Nassibu. Nassibu alikuwa Mzaramo, aliyekuja Tabora kwa treni na bwana wake, bwana akahamishwa, yeye akabaki. Sasa Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanabeba pembe za ndovu kwenda pwani na kukaribishwa huko kwa matusi na chakula. Mtani hakasirikiwi. Kwa mtu mwenye hasira kama Alois, hii ilikuwa sheria ngumu kuliko zote za gofu.

"Mpagazi," Nassibu alimwambia pale mwanzo wa uwanja, "nikishapata kazi nitakuajiri unibebee mfuko. Kubeba kuko kwenye damu yako."

"Nyamaza, mla nazi! Ninyi mmezoea kulala chini mkingoja kitu kianguke. Leo hakianguki kitu."

Kikaanguka. Mvua, bwana! Ile ya kwanza ya mwaka, inayokuja na hasira za miezi yote iliyokaa juu. Ngurumo ikapasua upande wa reli, wazungu wakakimbilia klabu, kedi wakakimbilia kibandani kwao. Ikakatika, wakarudi kucheza. Ikaanza tena, wakakimbia tena. Msimamizi wa mchezo alikuwa mzungu mrefu, watu walimwita Bwana Saa kwa sababu haachi kutazama saa yake, hata akiwa amesimama kwenye maji ya magoti. Mvua inamwagika, yeye saa. Radi inapiga, yeye saa. Utafikiri saa ndiyo inayoinyesha.

Mwisho ikakatika kabisa, jua likatoka la kuchoma. Hesabu ilikuwa sare. Shimo moja tu limebaki: atakayeingiza mpira kwa mapigo machache, kijumba cha bati ni chake.

Nassibu akaanza. Akaupiga mpira vizuri, ukaenda katikati, ukatua kwenye tope, chubwi, ukakaa hapohapo. Alois akacheka kwa dharau. Akajipanga, akaupiga kwa nguvu zote, na hasira juu. Mpira ukapanda, ukawa kidoti, kisha upepo ukauchukua polepole kama mama anavyomchukua mtoto, ukaupeleka kulia, kulia, mpaka kwenye kichuguu kikubwa.

Kichuguu kile wazungu walijaribu kukivunja walipokuwa wanatengeneza uwanja, kikawashinda, wakakiacha. Hawakujua kwamba kina wenyewe. Kilikuwa cha akina Bibi Eustadia tangu kabla ya gofu, tangu kabla ya reli. Na kila mtu wa Tabora anajua, mvua ya kwanza ikikatika na jua likatoka, kumbikumbi wanatoka. Hawangoji mtu.

Alois alikwenda mbiombio, fimbo begani. Akazunguka kichaka kilichokuwa kando yake. Akaona chungu. Akaona majani yaliyofunika matundu ya kichuguu. Akaona miguu miwili imenyooshwa mbele, kaniki imefungwa kifuani, na mikono inapiga vijiti chini ili kumbikumbi wadhani mvua bado inanyesha. Na pembeni ya chungu, karibu kabisa, mpira wake.

"Mama yangu!" alisema, akajitupa kwenye kichaka.

Hakukosea. Alikuwa mama, ila wa mkewe.

Nassibu akafika, akatazama kichuguu, akatazama kichaka kinachotetemeka, akaelewa. Usoni akawa kama mtu aliyeokota ng'ombe.

"Shikamoo, Bibi," alimwamkia Bibi Eustadia.

"Marahaba, baba. Huyo aliyeanguka kichakani ni nani? Ameumia?"

"Ni mkweo, Bibi. Amekuja kuchukua yai lake."

Bibi Eustadia akavuta kaniki akajifunika kichwa. Lakini kuondoka hakuondoka. Mikono ikaendelea na vijiti.

"Mwambie huyo mkwe wangu," alisema, kwa sauti ambayo mkwe mwenyewe aliisikia vizuri sana, "mwambie angoje. Kumbikumbi wakishatoka wote nitaondoka."

"Mtani, unaambiwa ungoje," Nassibu alikipa kichaka ujumbe.

"Nimesikia!"

"Anasema amesikia, Bibi."

Wakati huo Bwana Saa kafika, na nyuma yake nusu ya Isevya, waliokuja kutazama gofu na sasa wameona kitu kizuri zaidi. Wengine walikuwa na vikapu vyao vya kumbikumbi tayari.

"Kwa nini yeye hapana cheza?" Bwana Saa aliuliza.

"Mkwe wake, bwana," Nassibu alieleza. "Hawezi kumsogelea. Ni aibu."

"Mkwe gani! Mimi iko na mkwe, kila mtu iko na mkwe! Ambia mama toka."

Mtu mmoja akamwambia Bibi Eustadia mzungu anasema atoke. Bibi akajibu kutoka ndani ya kaniki kwamba mzungu akitaka kumwondoa kwenye kichuguu cha baba yake amlete mzungu mkubwa zaidi. Watu wakacheka. Bwana Saa akatazama saa. Akasema Alois anaweza kuukubali mpira umepotea, akaweka mwingine huku mbali, lakini ataongezewa pigo. Au acheze ulipo. Na asipocheza upesi, mchezo umekwisha, Nassibu mwalimu.

Kichakani Alois alikuwa anachemka. Pigo moja la kuongezewa, kwa mchezaji kama Nassibu, lilikuwa ni sawa na kumkabidhi ufunguo. Akaliona lile bati. Akamwona Getruda akihamisha kitanda usiku kukwepa matone. Kisha akamwona mama mkwe kajifunika kaniki, na tangu amwoe Getruda hajawahi kumtazama mwanamke yule usoni, na hakukusudia kuanza leo mbele ya Isevya nzima.

"Nassibu," aliita, taratibu. Kwa Alois, hiyo taratibu ilikuwa kama mtu mwingine kulia.

"Naam, mpagazi."

"Mkwe amekaa upande gani wa mpira?"

"Upande wa bendera ya shimo, pembeni kidogo."

"Nikija kinyumenyume, mgongo kwa bendera, nitakuwa nimempa mgongo?"

"Utakuwa umempa mgongo na vyote vilivyo chini ya mgongo, mtani, lakini uso hapana."

Kedi wakiwa kibandani wanangoja wazungu, walikuwa na mchezo wao wa kipuuzi: unasimama umeupa mgongo upande unakotaka mpira uende, unashika fimbo kwa mkono mmoja, unauchota mpira nyuma. Hakuna aliyewahi kuufanya kwenye mashindano. Ulikuwa wa kuchekeshana.

"Basi niongoze," Alois alisema. "Na ukinidanganya!"

"Nikikudanganya utakalia chungu cha mkweo. Kuna utani, halafu kuna laana. Mimi laana siitaki. Njoo."

Alois akatoka kichakani mgongo mbele. Majani kichwani, tope mpaka kwenye nyusi, akarudi nyuma hatua kwa hatua kama mtu anayemuaga mtemi.

"Rudi," Nassibu alisema. "Rudi tena. Kushoto. Kushoto kwako, si kwangu, wewe vipi! Hapo. Inua mguu, kuna chungu. Umekanyaga kumbikumbi watatu, Bibi amewahesabu."

"Nawaona," ilisema kaniki.

Watu walikuwa wanaumwa mbavu kwa kicheko. Jasho lilimtoka Alois kuliko mvua yote ya siku ile. Akauona mpira kwa pembe ya jicho, kando ya kisigino. Akashika fimbo kwa mkono mmoja. Nyuma yake vijiti vya Bibi Eustadia, tii, tii, tii, havikusimama hata mara moja.

Akachota.

Udongo ukaruka, mwingine ukaingia chunguni. Mpira ukapita kando ya kaniki, ukadunda kwenye majani, ukaviringika chini ya mteremko. Pale Tabora shimo halikuzungukwa na majani, lilizungukwa na duara la mchanga uliotiwa oili na kushindiliwa. Maji hayaliingii. Mpira ukafika kwenye mchanga ule ukatulia, mbali kidogo na bendera. Alois alijua hayo yote kutokana na kelele za watu, maana yeye bado alikuwa ametazama upande wa pili, na aliendelea kutazama huko mpaka alipozunguka kichuguu chote.

Nassibu naye akaupiga wake kutoka topeni, pigo zuri sana, ukalala karibu na shimo, umbali wa mkono mmoja tu. Wa Alois ukasogea karibu kwa pigo moja, haukuingia. Sasa Nassibu akiingiza, ameshinda. Mtoto angeingiza.

Akainama. Akapima. Mabega yakaanza kumtikisika. Akasimama wima, akafuta macho.

"Samahani, bwana."

"Cheza!" Bwana Saa alisema.

Akainama tena. Lakini kichwani alikuwa anamwona Alois anarudi nyuma na majani kichwani, na kaniki ikisema *nawaona*. Kicheko kikampanda, akakibana, kikatokea puani. Akaupiga mpira huku anatetemeka, ukapita pembeni. Akajaribu tena, machozi yanamtoka, ukapita upande mwingine. Akaketi kwenye mchanga wa oili na suruali yake nyeupe, akacheka mpaka akalala.

Alois hakucheka. Hakuwa na nafasi. Akaenda, akainama, akaingiza mpira kwa pigo la nne, na Nassibu ameshapiga manne bila kuingiza.

"Umeshinda wewe?" Nassibu alisema kutoka chini. "Wewe? Mimi nimeshindwa na mkweo. Mwambie nampongeza."

Na hasira zake zote, Alois alijua ni kweli. Akamshika mkono, akamwinua.

Jioni Getruda alirudi kutoka kwao na bakuli la kumbikumbi waliokaangwa. Mama yake ametuma salamu, alisema, na ameuliza huko kwa wazungu mkwe atafundisha kuchezea mbele au kuchezea nyuma, na kwamba wale kumbikumbi wana udongo kidogo, mwenye udongo anajijua. Alois akala wote, udongo na yote, hakulalamika.

Jumatatu akavaa kofia ya klabu, akasimama uwanjani kifua mbele. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa kizungu, mke wa ofisa fulani. Alois akamweleza namna ya kushika fimbo, namna ya kuweka miguu, namna ya kutazama mpira. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa. Kisha akageuka, akaupa uwanja mgongo, akashika fimbo kwa mkono mmoja.

"Hapana hiyo," alisema. "Mimi nataka ile ya mama mkwe."