Biskuti za Mbwa wa Ghalani

Kwetu Rhotia hakuna anayempikia mbwa. Mbwa anakula kilichobaki, na kama hakijabaki kitu anajitafutia mwenyewe. Hilo sikufundishwa na mtu, nimelikuta tu, kama nilivyoikuta baridi ya mwezi wa saba. Kwa hiyo siku niliyobandika sufuria jikoni kwa bibi yangu na kumwambia hii ni ya mbwa, aliacha kuchambua maharage akanitazama kama mtu aliyeona ng'ombe kalala kitandani.

"Mbwa gani?"

"Wa ghalani, bibi."

"Mwenyewe amekwenda wapi?"

"Yupo. Ila hajui kupika."

"Na mbwa naye kakutuma." Akarudia maharage yake. "Haya, tumia ile sufuria iliyokatika mkono. Hiyo nyingine ni ya watu."

Ghala lenyewe liko barabarani, ukiwa unaelekea Karatu mjini. Ni la vitunguu. Lori linavitoa Mang'ola, linavimwaga pale, na sisi wanawake tunakaa juu ya magunia tunachagua: vilivyooza huku, vidogo kule, vizuri vinaingia kwenye nyavu. Mimi ndiye mdogo kuliko wote. Shule niliishia kidato cha pili, nikaosha vyombo kwenye loji moja msimu mmoja, halafu nikaja vitunguuni. Harufu ya kitunguu haitoki mikononi hata ukisugua na limao. Nimeizoea mpaka naipenda. Nikiwa mbali nayo naona kama nimesahau kitu nyumbani.

Mlinzi wa ghala alikuwa kijana wa Kimaasai kutoka Olbalbal, kule bondeni chini ya milima ya Ngorongoro. Alikuja na fimbo, shuka mbili, na mbwa jike mwekundu mwenye sikio lililochanwa na fisi. Wenzangu walikuwa wakimtania kwamba huyo mbwa ndiye mlinzi na yeye ni msaidizi wake. Hakuwa anakataa.

Basi mbwa akaugua. Kupe walimla mpaka akawa mbavu tupu. Bwana mifugo akaja na pikipiki yake, akamdunga sindano mara mbili, akasema ugonjwa umekwisha, sasa ni chakula. Na wakati huohuo simu ikaingia kutoka Olbalbal: baba yake mlinzi anamtaka nyumbani, mbuzi wanaliwa na fisi, yule mbwa ndiye aliyekuwa akiwazuia na hajapatikana mwingine wa kufanana naye. Mlinzi mwingine angefika baada ya wiki tatu. Siku hiyo kijana angepanda lori la mahindi mpaka juu kwenye ukingo wa kreta, kisha ateremke kwa miguu, mwendo wa siku nzima kwenye jua.

Nilimuuliza, "Na mbwa?"

"Akiweza kutembea, tunakwenda."

"Asipoweza?"

Alichora chora ardhini kwa ncha ya fimbo. "Yule mlinzi mpya hataki mbwa, dada. Ameshasema. Na mimi mbwa wa kubeba mgongoni nikimfikisha nyumbani, baba ataniuliza nimemletea mtoto mchanga wa nani."

Alicheka, lakini mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha mbwa na haukutoka. Nikarudi kwenye magunia yangu nikiwa nimeshaamua.

Na niseme ukweli, haikuwa huruma peke yake. Kule loji, mgeni mmoja mama wa Kizungu aliwahi kunionyesha kwenye simu picha ya mbwa wake amekaa juu ya kochi anakula biskuti yenye umbo la mfupa. Biskuti imetengenezwa kwa ajili yake, mbwa. Wenzangu jikoni walicheka wiki nzima. Mimi nilicheka pia, ila usiku nilipolala niliona jiko langu mwenyewe pale Karatu mjini, lina rangi ya bluu, na mbwa wa maloji yote wamepanga foleni kistaarabu. Ndoto hiyo sikuwahi kumwambia mtu. Sasa nilikuwa nimempata mteja wa kwanza, naye alikuwa na wiki tatu tu za kunenepa.

Siku ya kwanza nilimpelekea ugali wa moto na maji ya dagaa. Alinusa, akaniangalia kwa adabu, akalala tena. Siku ya pili ikawa vilevile. Mlinzi akaniambia huyu amekulia kwenye maziwa na utumbo wa mbuzi, ugali kwake ni kama udongo.

Nikawaza: chakula hakina ladha. Na kwetu chakula kikikosa ladha dawa yake inajulikana. Hakuna mboga Karatu isiyoanza na kitunguu. Mtu akiumwa tunamkaangia kitunguu, mzazi akijifungua supu yake imejaa kitunguu, na mimi ninayekaa juu ya milima ya vitunguu kutwa, nimpikie mgonjwa bila kitunguu? Nilichagua vitano vizuri, vyekundu, nikavikatakata, nikavikaanga kwenye mafuta mpaka vikawa kahawia, nikatia utumbo, nikasonga na unga wa dona.

Mbwa alikula mpaka akalamba ukoko wa sufuria.

Nilirudi nyumbani naimba. Kesho yake nikaongeza vitunguu. Kesho kutwa tena. Wale mama wa ghalani wakaanza kunitania: "Mdogo wangu, sisi wagonjwa wako hutuoni? Tubweke kidogo?" Mmoja akabweka kweli, tukacheka mpaka msimamizi akatoka nje kuangalia.

Siku ya sita mbwa hakuamka. Alikuwa hai, lakini kichwa alikiona kizito. Mlinzi akamfunua mdomo akanionyesha fizi: zilikuwa nyeupe kama karatasi. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nilimpigia simu bwana mifugo, naye akafika hata kofia ya pikipiki hajavua.

"Anakula nini?"

Nikamweleza kila kitu, tena kwa fahari kidogo, utumbo, dona, na vitunguu vya daraja la kwanza.

Alivua kofia. "Vitunguu?"

"Vitano, daktari. Jana saba."

Alikaa chini kwenye gunia, gunia la vitunguu hilohilo, akajipangusa uso. "Binti, kitunguu kwa mbwa ni sumu. Kinaharibu damu. Kibichi, cha kukaanga, vyovyote. Nikikaa ghalani kwenu hapa nitapata kazi mpaka nistaafu."

Hakuna aliyecheka. Nilitazama lile ghala lote, nyavu mpaka darini, nikaona kama vyote vinanitazama. Nilikuwa nimemlisha sumu siku tatu na huku naimba. Machozi yalinitoka, na mama mmoja akasema taratibu, "Ni vitunguu hivi, vinachoma macho," ili mlinzi asione vibaya. Lakini mlinzi aliona. Akaja akasimama karibu.

"Dada, mimi nilikuwa nakuangalia ukikata," akasema. "Ningekuzuia kama ningejua. Hatujui wote. Sasa tupike kingine."

Bwana mifugo akatupa masharti, nami nikayaandika nyuma ya daftari la kanisa la bibi. Kitunguu hapana, kitunguu saumu hapana, chumvi hapana, mifupa ya kuku iliyopikwa hapana. Maini kidogo ndiyo. Mayai ndiyo. Boga ndiyo. Damu itarudi taratibu, alisema, akiwa na bahati. Hilo la bahati sikuliandika.

Niliosha sufuria ya mkono uliokatika kwa majivu mara tatu. Niliosha mikono kwa limao mpaka ngozi ikawasha, maana niliogopa hata harufu yangu. Nilichemsha mifupa ya supu ya ng'ombe bila kitu chochote, nikaitoa, nikabaki na mchuzi. Nikaponda boga la shambani kwa bibi, nikakatia maini madogo madogo kama ya mtoto anayeota meno, nikasonga dona laini. Kilikuwa chakula kisicho na harufu ya kitu ninachokijua. Niliona aibu kukipeleka.

Alikula vijiko vitatu kutoka mkononi kwangu. Kesho yake sita. Mlinzi aliomba maziwa kwa jirani yake, akayagandisha, tukawa tunamwagia juu. Siku ya kumi na mbili mbwa alisimama, akatembea mpaka langoni, akamkoromea mwendesha bodaboda, akarudi kulala amechoka kwa kazi. Mwendesha bodaboda hakuelewa kwa nini wanawake kumi wanampigia makofi.

Zikabaki siku tisa, na mimi nikapata wazo la safari. Sufuria ya dona mtu hateremki nayo bondeni, inachacha kabla ya saa sita. Biskuti haichachi.

Oveni hatuna. Nilifanya kama tunavyooka keki ya Krismasi: mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko, mchanga ndani ya sufuria kubwa na sufuria ndogo juu yake. Unga wa dona, boga, yai, mchuzi wa mifupa, na unga wa dagaa nilioutwanga mwenyewe. Umbo la mfupa lilinishinda, zikatoka kama viatu vya mtoto. Za kwanza ziliungua. Za pili zilikuwa laini katikati. Za tatu niliziacha mkaa ufe wenyewe juu yake, asubuhi nikakuta zimekauka, ukizigonga zinalia.

Bibi alikuwa anapita pita siku zote hizo bila kuuliza. Asubuhi hiyo akachukua moja.

"Bibi, ni za mbwa."

"Najua ni za mbwa. Kwenye jiko langu hakijawahi kutoka chakula bila kuonjwa." Akauma kwa meno ya pembeni, ndiyo aliyobaki nayo, akatafuna muda mrefu akiangalia juu darini. "Imekosa chumvi."

"Ndiyo inavyotakiwa."

"Na dagaa imezidi." Akaingiza nusu iliyobaki kwenye kikombe chake cha chai, akasubiri ilainike, akaimaliza. Siku iliyofuata nilikuta ameniwekea boga lingine mlangoni, limeshakatwa.

Siku ya safari nilifika ghalani alfajiri na kopo la mafuta la kilo tano nililoliosha vizuri, limejaa biskuti mpaka juu. Mbwa alikuwa bado mwembamba. Sitasema alinenepa kama wa picha ya yule mama Mzungu. Lakini fizi zilikuwa na rangi, na lori la mahindi lilipopiga honi alilirukia mwenyewe, miguu ya nyuma ikateleza, mlinzi akamsukuma kidogo tu kwa goti. Nasema kidogo tu kwa sababu wale mama walibishana jambo hilo wiki nzima, kwamba alipanda mwenyewe au alipandishwa.

"Ukifika piga," nikamwambia mlinzi.

"Kule mtandao uko juu ya kilima kimoja."

"Panda kilima."

Siku hiyo nilichagua vitunguu vibaya sana. Vilivyooza niliviweka na vizuri, msimamizi akanirudisha mara mbili. Kila baada ya muda nilikuwa nahesabu: sasa wamepita geti la hifadhi, sasa wako juu kwenye baridi na ukungu, sasa wameshuka kwenye lori. Sasa wanatembea. Jua lilipozama Rhotia simu ilikuwa kimya. Kesho yake kimya. Nilijua kwamba mtu asiyepiga huenda hana chaji, au hana la kusema.

Siku ya tatu, mchana, tukiwa tunakula, ikaita. Upepo ulikuwa mwingi kwenye simu, kama mtu anapuliza chupa. Nikaweka sauti ya juu, wale mama wote wakasogea na sahani zao.

"Dada. Amefika."

"Alitembea?"

"Alitembea. Tulipumzika mara nne, kila mahali nikampa biskuti mbili. Ya mwisho tulipumzika karibu kabisa na boma, nikadhani amekwisha nguvu. Akasikia mbuzi. Akaniacha palepale na biskuti mkononi."

Mama mmoja aliweka sahani chini akajifuta macho na kanga, na safari hii hakuna aliyesingizia vitunguu.

"Na usiku alilala?" nikauliza.

"Hakulala. Fisi walikuja wakamsikia wakageuka. Ila dada, kuna jambo." Upepo ukapuliza. "Kopo lile mama yangu alilipokea mlangoni. Akasema watu wa Karatu wana heshima, wamemletea zawadi ya chai. Mimi nilikuwa nimechoka, sikumsahihisha mapema. Alipofika ya tatu nikaona sasa nimechelewa."

Wale mama waliacha kutafuna.

"Amezila?"

"Amewagawia na wazee. Wanasema ni nzuri, zinashibisha. Ila mama anakutumia ujumbe. Anasema usikasirike, lakini zimekosa sukari."

Nilicheka mpaka ugali ukanipalia, ikabidi nipigwe mgongoni. Wiki mbili baadaye lori la mahindi likarudi, na dereva akanikabidhi kopo langu. Kwao kama kwetu, chombo cha mtu hakirudi kitupu: ndani mama yake mlinzi alikuwa ameweka kibuyu kidogo cha maziwa mgando, kinanukia moshi wa mti wanaosafishia vibuyu, kimefungwa vizuri kwa ngozi.

Bibi alikionja kwanza, kama kawaida yake. Halafu akawasha mkaa bila kuambiwa, akatoa sufuria mbili akaziweka mbele yangu, ile iliyokatika mkono na ile nyingine.

"Hii ya mama yake, tia sukari," akasema. "Hii ya mbwa. Na usizichanganye."