Bastola ya Kibelgiji

Emil Kostelnik alikuwa na kitu kimoja cha kujivunia, nacho si bastola zake, ingawa alikuwa nazo za kujaza kabati zima la chuma kule chini ya nyumba. Alijivunia jina lake. Miaka yote aliyochonga vyuma katika karakana ya mabehewa hakuwahi kupigwa faini, hata ya mwendo kasi. Na kila alipokwenda kununua silaha dukani kwa Wendell Trautman, Wendell akapiga simu serikalini jina lipekuliwe kama sheria inavyotaka, jibu lilirudi kabla kahawa haijapoa. "Safi kama sahani ya mamako," Wendell alikuwa akimwambia. Emil alicheka kila mara kana kwamba utani huo ameusikia leo.

Bastola zake zote zilikuwa zile zinazojipakia risasi zenyewe, na kila moja ilitoka nchi yake. Ya kwanza aliirithi kwa baba yake, aliyerudi nayo kutoka vitani. Nyingine alizisaka minadani, Pennsylvania nzima mpaka Ohio, huku mkewe Verna akimngoja garini anafuma soksi. Kulenga alikuwa hajui, tuseme ukweli. Kulungu wengi wa wilaya ile walizeeka kwa hisani yake. Alichokipenda ni vyuma vilivyochongwa vikakubaliana. Jumapili baada ya chakula alizitandaza juu ya taulo, akazipaka mafuta moja moja, akamwita Verna aje asikie kila moja inavyolia ikivutwa. Verna, maskini, alisikia mlio uleule tu, lakini alisema, "Hii ndiyo nzuri kuliko zote." Ndoa ndiyo hiyo.

Ilibaki moja ya kukamilisha kabati, ya Kibelgiji.

Kisha ukaja ugonjwa wa kusahau. Ulianza kwa funguo na miwani, watu wakacheka naye. Lakini asubuhi moja ya vuli Verna aliingia jikoni na ndoo ya matofaa, akamkuta mumewe amesimama kando ya jiko, bastola mkononi, imemwelekea yeye.

"Wewe mwanamke ni nani? Toka nyumbani kwangu kabla mke wangu hajarudi!"

Verna aliiweka ndoo chini polepole. "Nimemletea Verna matofaa yake," alisema. "Nayaacha hapa, naondoka."

"Aa, ya Verna," akasema Emil, akaishusha. "Basi asante, bibie. Atafurahi."

Siku hiyohiyo Wendell alikuja na gari, akazibeba bastola zote kwa kisingizio kwamba unyevu unazila. Emil hakuziulizia tena. Ugonjwa ule una ukatili wake: ulimsahaulisha bastola zote alizokuwa nazo, ukamwachia kiu ya ile moja asiyokuwa nayo. Na ibilisi hana adabu, kwa maana mwezi uleule mjane mmoja alimletea Wendell bastola ya Kibelgiji aiuze, na Emil akaiona dukani katika kabati la kioo kabla haijafichwa.

"Ndiyo hiyo!" alipiga kelele. "Wewe mwizi wa hadharani, ulikuwa unanificha?"

Wendell alimtazama Verna, Verna akatikisa kichwa. Wendell akajifanya anapiga simu. "Jibu halijaja, Emil," alisema. "Serikali inasema ngoja."

Ulikuwa uongo wa huruma, na ulifaa siku ile. Lakini Emil alirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, Verna akiendesha. Kila mara ni ngoja. Watu hudhani anayesahau husahau yote, si kweli. Aibu ilimkaa. Kanisani, alikokusanya sadaka tangu ujana, alimrudishia padri kikapu mbele ya watu. "Mtu anayeshukiwa na serikali yake hashiki fedha za watu," alisema. Akawa anakaa kiti cha nyuma kabisa, kofia magotini.

"Nilifanya nini?" alimwuliza Verna garini. Tangu Krismasi hakuwa amemwita kwa jina; alimwita bibie. "Niliiba? Nilimpiga mtu? Wewe bibie unaonekana mtu mwema, niambie."

"Hukufanya kitu, Emil."

"Serikali haimkatai mtu bure."

Verna alilia usiku na mchana. Kuzipoteza bastola alikuwa amekukubali kama hasara. Lakini kumvua mumewe jina lake, akiwa hai, kwa mikono yake mwenyewe? Akamwendea Wendell peke yake. "Tumemfanya mhalifu," alimwambia. "Atakufa akijiona mhalifu. Niuzie mimi, kwa jina langu, kisha umwambie jibu limekuja."

"Mama, na yale ya jikoni?"

"Kitoe kile kinachogonga risasi."

Wendell akaitoa sindano ya bastola, kipande kidogo cha chuma ambacho bila hicho bastola ni nyundo tu.

Jumamosi akampigia Emil saluti mlangoni. "Jibu limekuja, mzee! Safi kama sahani ya mamako!"

Emil alicheka mpaka akakohoa, kisha machozi yakamtoka hadharani, mbele ya wanunuzi. Aliipokea kwa mikono miwili. Akahakikisha haina risasi, akahakikisha tena. Halafu akafanya jambo ambalo hao wawili, katika huruma yao yote, walilisahau: alichukua penseli juu ya kaunta, akaitumbukiza mtutuni, upande wa kifutio ndani, akaelekeza dari, akafyatua. Ndivyo alivyojaribu kila bastola maishani mwake. Sindano ikiwa nzima, penseli huruka.

Haikuruka.

Akafyatua tena.

"Umeitoa sindano, Wendell."

"Ni ya zamani, Emil, labda imekwama..."

"Usinidanganye mimi juu ya chuma, we kijana." Hakupandisha sauti. Aliilaza bastola juu ya kaunta, penseli ikiwa bado ndani. "Kumbe si serikali," alisema. "Kumbe ni mimi."

Akageuka, na macho yake yalikuwa macho yake. "Verna," alisema, "nilikufanya nini?"

Miezi mingapi Verna alikuwa ameomba alisikie tena jina lile kinywani mwake! Angeweza kusema hakuna kitu. Lakini alikuwa amechoka kumdanganya mtu huyu, na hakujua kama atamwona tena.

"Ulinielekezea bastola, mpenzi. Hukunijua."

Emil alivua kofia kama anavyovua kanisani. Alimshika mkono mkewe, akaubusu, akasema, "Nisamehe." Verna akasema amemsamehe zamani. Walisimama hivyo, Wendell akageukia ukutani akajifanya anapanga visanduku.

Bastola waliiacha palepale. Nje theluji ilikuwa inayeyuka. Verna alimfungulia mlango wa gari, akamfunga mkanda, akazunguka akaingia upande wake. Alipowasha gari Emil alimgeukia kwa adabu.

"Samahani, bibie. Serikali imeshajibu?"

Verna alishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Imejibu, Emil. Jina lako ni safi."

"Mungu mkubwa," alisema Emil, akaegemeza kichwa. "Basi ukimwona mke wangu mwambie. Alikuwa na wasiwasi sana."