Siku Miguu ya Tumbili Ilipogoma

Mtaani walimwita Tumbili, na jina hilo hakulichukia. Alilipata utotoni, alipopanda mti wa shule kumtoa paka wa mwalimu mkuu. Paka alishuka mwenyewe, yeye akabaki juu anachekwa, lakini jina likaganda. Alipokua akaligeuza kuwa riziki: akapata msumeno wa mashine uliokwishatumika, kamba nene, mkanda wa kupandia na gari kuukuu la mizigo, akaandika ubavuni kwa rangi nyeupe, "Tunakata miti iliyoshindikana." Hao "sisi" walikuwa wawili tu, yeye na shemeji yake, kaka wa mkewe.

Kazi ile ni ya watu wanaoaminiana. Wa juu hufunga kamba kwenye tawi, halafu hukata. Wa chini huizungusha kamba kwenye shina, na uzito ukija huuachia kidogo kidogo, tawi likatua taratibu kama mtoto anayelazwa. Miaka mingi walifanya hivyo huku wakitaniana.

"Shemeji, ukiniangushia gogo," yule wa chini alikuwa akisema, "dada yangu atakurudisha kwa mama yako ukakae huko."

Siku moja gogo likaanguka kweli. Tawi lilikuwa limeoza ndani. Lilivunjika kabla msumeno haujafika katikati, likajirusha upande ambao hakuna aliyeutazamia, likampiga shemeji mguuni. Hospitali waliukata mguu ule chini ya goti.

Msumeno ukiingia kwenye mti uliooza hubadilika sauti. Ngurumo yake hulegea, na unga unaotoka huwa wa kahawia, umelowa. Shemeji alipozinduka aliuliza neno moja tu: "Ulisikia?"

"Sikusikia, shemeji."

Mgonjwa akageukia ukutani. Tangu hapo hawakusemezana.

Lakini Tumbili hakuwa na hakika. Akila, akioga, akimsikiliza mkewe, msumeno ule uliwaka tena kichwani mwake. Mara ulinguruma vilevile mwanzo hadi mwisho, mara ulilegea na yeye akaendelea kukata. Alijaribu kuikumbuka siku ile mpaka ikachakaa, kama nguo iliyofuliwa kupita kiasi.

Aliporudi kazini, miguu ikagoma. Akifika kwenye panda ya kwanza tu, inatetemeka kama ya mbuzi aliyezaliwa leo. Hushuka na kumdanganya mwenye mti: kuna nyuki, upepo umezidi, turudi wiki ijayo. Wiki ijayo haikufika. Akabaki kupunguza ua na kung'oa visiki. Wateja nao si wajinga, wakahamia kwa wengine, na watoto wa mtaa wakaanza kuuliza kwa sauti kama tumbili amegeuka kobe. Mkewe aliuona mkanda wa kupandia ukiota ukungu nyuma ya mlango. Aliufuta, akautundika tena. Hilo lilimchoma kuliko matusi.

Kisha ikaja dhoruba. Kulipopambazuka, mshonaji wa mtaa wa pili alikuja mbio bila viatu. Mti mkubwa uliokuwa nyuma ya nyumba yake ulikuwa umeng'oka nusu na kulilalia paa. Mama yake, ambaye hawezi kutembea, alikuwa chumba cha ndani. Dari iliyoshuka ilikuwa imeubana mlango, na dirisha lilikuwa la nondo.

"Namsikia anaongea," mshonaji alisema. "Paa likilia, ananyamaza. Zimamoto wamekwama ng'ambo ya mto, maji yamefunika daraja. Nisaidie, kaka yangu."

Tumbili alipofika aliona mara moja kwamba mti ule haukatwi kwa chini, maana uzito wote ungeshuka juu ya kitanda cha mama. Ilibidi upunguzwe kutoka juu, ukianzia na tawi nene lililokuwa juu ya chumba, na lishushwe kwa kamba. Majirani walikuwa tayari kushika kamba, ila hakuna aliyewahi kuishika.

"Namwita kaka," alisema mkewe, aliyekuwa amewafuata.

"Hatakuja."

"Sikukuuliza," mkewe akajibu, na kuondoka.

Akapanda. Kwenye panda ya kwanza miguu ikafanya ilivyozoea. Alilikumbatia shina, shavu kwenye gome lililolowa, jasho likimwingia machoni. Alitamani ardhi immeze, ila ardhi ilikuwa mbali.

"Nani huyo juu?" Sauti ya kizee ilitoka dirishani.

"Fundi wa miti, mama."

"Mbona hukati?"

Alitafuta uongo, nyuki au upepo, asipate hata mmoja. "Naogopa, mama," akasema. Hakuwahi kumwambia hivyo mtu yeyote.

"Hata mimi," sauti ikajibu. "Nimejikojolea, usimwambie mwanangu."

Mwanawe alikuwa amesimama palepale chini ya dirisha, mkono mdomoni.

Tumbili akajikokota hadi kwenye tawi nene, akalifunga kamba. Pikipiki ikasimama barabarani. Shemeji alishuka na gongo lake, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaizungusha kamba kwenye shina la mti wa jirani. Hakuinua macho.

"Hapo umefunga karibu mno," alisema. "Sogeza nje."

Tumbili akasogeza. Mikono ilitii hata kama miguu ilikataa.

"Anzia chini ya tawi, gome lisichanike. Halafu juu."

Msumeno ukawaka. Mkato wa chini ulikwenda vizuri. Wa juu ulipofika karibu na katikati, ngurumo ikalegea. Safari hii aliisikia wazi, kama mtu anavyosikia akiitwa jina lake. Akazima.

"Limeoza," alisema. "Shemeji, ondoka hapo."

"Nimesikia na mimi. Kata karibu na shina, penye uzima. Nitahama."

Walifunga kamba upya na kukata upya. Tawi likashuka likipepesuka, likalalia nyasi. Yakafuata mengine, moja baada ya moja, mpaka paa likapumua na wanaume wakaweza kuinua dari. Mama alitolewa akiwa amefungwa shuka, mzima, amepauka kwa vumbi.

Tumbili alipokanyaga chini alikwenda kuurudisha msumeno nyuma ya gari. Shemeji alimfuata polepole na gongo lake.

"Siku ile na mimi nilikuwa nasikiliza," alisema. "Sikusikia kitu. Nimeliweka hilo moyoni muda wote, kwa sababu nilitaka awepo wa kulaumiwa."

Tumbili alinyoosha mkono. Shemeji aliutazama, asiushike.

"Leo nimekuja kwa ajili ya dada," akasema. "Mengine siyawezi bado."

Tumbili hakupanda mti tena. Watu walimiminika baada ya habari ile kuenea, na kila mmoja alimjibu ukweli, kwamba hapandi. Maandishi ya ubavuni mwa gari aliyafuta mwenyewe kwa tambara na mafuta ya taa. Sasa anapanga mbao kwenye kiwanda cha kupasulia magogo, kazi ya chini, mgongo wote unauma. Wapasuaji hushangaa anavyonyanyua kichwa ghafla msumeno ukiwa kazini, akawaashiria wasimame. Mara nyingi ubao ni mzima kabisa. Wanamcheka kidogo, kisha wanaendelea.