Kipimo cha Siku za Homa

Mwaka mzima nilimpikia mume wangu chukuchuku. Samaki wa chukuchuku, mchicha wa chukuchuku, hata maharage bila nazi, mimi niliyezaliwa kwenye nyumba ambayo nazi ilikunwa kila siku ya Mungu. Daktari alikuwa amemwambia mafuta yamezidi kwenye damu yake, akampa vidonge vya kumeza kila usiku. Baba yake na ami yake waliondoka kwa ugonjwa wa moyo, ghafla, wakiwa bado na nguvu zao. Mimi sikutaka kukaa eda mapema. Kwa hiyo nilikula naye kile kile, na anayebisha kwamba maharage bila nazi ni mapenzi, hajawahi kuyala.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, anauza dawa za miti shamba Buguruni. Hatukuwa na ugomvi. Tulitaniana kama mawifi wote: yeye akiniita mke wa hospitali, mimi nikimwambia mizizi yake itatumaliza ukoo mzima. Nilidhani ni utani tu.

Kisha mafua makali yakaingia nyumbani kwetu Chamazi, yakaanza na mume wangu. Si mafua ya kupenga kamasi. Homa ilimchemsha, kifua kikambana, akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Wifi alikuja na sufuria la nyungu, mwarobaini, mchaichai na majani ya mpera, tukamfunika blanketi ajifukize. Alitoka humo amelowa jasho na kikohozi chake kiko pale pale. Pumzi zilipoanza kuwa fupi nilisema basi, tukampeleka kituo cha afya cha jirani. Wakamlaza, wakamwekea oksijeni, wakamtoa damu. Nilipomweleza daktari habari za baba yake na za vidonge, wakapima na mafuta.

Hali ilipotulia nilikwenda nyumbani kumpikia uji. Kurudi, namkuta wifi anapiga vigelegele katikati ya wodi na muuguzi anamkemea.

"Yameshuka, wifi! Mafuta yameshuka, yako chini kabisa!"

Nililia. Nilimshukuru Mungu, nikasema, jamani, kumbe vidonge na chukuchuku vimejibu. Wifi akanicheka.

"Vidonge vipi? Huyu hajavigusa tangu mwezi wa mfungo. Anakunywa dawa yangu mie. Na kila akija kwangu naanzaga kumpa supu ya kongoro, miguu ya ng'ombe na mafuta yake, maana mwanamume haishi kwa majani kama mbuzi."

Nilimgeukia mume wangu. Akatazama dirishani. Bado alikuwa na mpira wa oksijeni puani, na Mungu anisamehe, nilitamani kuukanyaga.

Ajabu ni kwamba mwenye kosa nikawa mimi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alinidanganya miezi yote ile, wala kwa nini alinikalisha mezani nimeze samaki asiye na ladha wakati yeye keshashiba kongoro. Mume wangu aliporudi nyumbani, wifi alitangaza kisomo cha shukrani, na kikafanyika kwangu, kwa pilau la samli nililolipika mwenyewe. Baada ya dua alisimama mbele ya wanawake wa mtaa akamwonyesha kaka yake kwa kidole.

"Mnamwona? Hospitali walimpima wenyewe. Sie hatuna maneno mengi."

Wakanunua chupa zake pale pale sebuleni. Mume wangu alikuwa kwenye sinia na wanaume wenzake, vidole vinang'aa samli. Akaniita, "Njoo ule, mama, kifungo kimeisha." Watu wakacheka, nami nikacheka, maana ningefanyaje na kipimo kilikuwa kimeshasema? Usiku ule nilijiona mjinga kweli. Niliwaza, labda ndiyo hivyo, labda mwaka mzima nimemtesa mtu bure.

Halafu mafua yale yale yakanishika mimi. Nilikwenda kituo cha afya, nikamkuta daktari yule yule, binti mdogo anayetoa shikamoo kabla hujavuka mlango. Akanisikiliza kifua, akaniandikia dawa, kisha akauliza, "Mama, baba mbona hakurudi kupima?"

"Kupima nini, mwanangu, na mlisema mafuta yameshuka?"

Akaweka kalamu chini.

"Yalishuka kwa sababu ya ule ugonjwa, mama. Virusi vikimshambulia mtu vile kifuani, mwili unaingia vitani na mafuta kwenye damu yanashuka. Akipona yanapanda tena. Kile kilikuwa kipimo cha homa, si cha nafuu. Nilimwambia arudi akishapona kabisa, na vidonge asiache hata kidogo, maana mafua makali kama yale yenyewe yanauchokoza moyo."

"Ulimwambia nani?"

"Baba mwenyewe. Tulikuwa wawili tu. Akasema ameelewa."

Nilitembea kurudi nyumbani nikikohoa njia nzima. Kumbe alijua. Alijua kabla ya vigelegele. Alimpa dada yake nusu ya maneno ya daktari, nusu akaimeza, akakaa kwenye sinia akaniacha nichekwe na mtaa mzima.

Nilimkuta barazani. Sikumsalimu.

"Daktari alikwambia yatapanda."

Hakukana. Akasema, "Nimechoka kuwa mgonjwa, mama. Siku ile mtu aliniambia niko sawa. Nilitaka nikae na habari hiyo kidogo."

Kidogo nimhurumie. Lakini nikaona uso wa baba yake ukiwa umefunikwa shuka, hasira ikarudi. "Ukae nayo wewe, mie nikae na eda?" Nikamwambia asipokwenda kupima nabeba nguo zangu nahamia kwa kaka yangu Mwenge, na safari hii sitanii.

Alikwenda. Nilimsindikiza, nikakaa naye mbele ya daktari nisikie kwa masikio yangu. Mafuta yalikuwa juu, juu kuliko mwanzo. Binti yule hakututisha, alisema tu kwamba mishipa haisubiri mtu, akampa vidonge upya.

Tulikuwa bado kwenye benchi la nje, mfuko wa dawa mapajani mwake, simu ikaita. Dada yake. Anataka kujua majibu, ana wateja dukani wanasubiri kusikia.

"Niko fiti, dada," mume wangu akasema. "Wamepima tena, hakuna ishu. Dawa yako kiboko, waambie wanunue tu."

Sikumnyang'anya simu. Nilikuwa nasikiliza sauti yake, haikukwama mahali popote, imejaa upole na ukweli mtupu. Ningekuwa upande wa pili wa ile simu, ningemwamini. Hapo ndipo nilipoumia kuliko wodini, kuliko hata kwenye pilau.

Akakata simu, akanishika mkono.

"Kuanzia leo nameza kila usiku, mama. Wallahi vile."

Aliniambia kwa sauti ile ile.