Dawa Iliyomletea Mama Ndoto

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na maduka ya dawa ya watu binafsi yalipoanza kufunguliwa mjini Tukuyu, mama yangu alipata kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho: kuchagua. Zamani dawa yake ya presha ilikuwa moja tu, methildopa ya hospitalini. Presha ilishuka, lakini alisinzia hata akiwa amesimama katikati ya shamba la chai, kikapu mgongoni.

Daktari akamwandikia nyingine, propranololi, tukaipata dukani. Presha ikatulia, usingizi wa mchana ukakoma. Ila zikaanza ndoto.

Asubuhi moja, ukungu ukiwa bado umelalia migomba, nilimsalimu, "Ugonile?" yaani umelalaje, kama kwetu tunavyojuliana hali asubuhi. Badala ya kuitikia, alitabasamu.

"Baba yako amekuja tena. Amevaa koti lake la mvua. Amesimama pale migombani, hasemi kitu, ananitazama tu."

Baba alifariki nikiwa sijaanza shule; sura yake sikuwa nayo. Nilikaa jikoni nikimsikiliza mama, chai ikipoa. Siku nyingine, nikiwa shambani, nilisimama nikitazama ukunguni, kama vile koti lile lingenitokea na mimi.

Kisha mikono ya mama ikawa baridi. Akipandisha kilima kutoka mtoni, alikaa chini akihema.

Kliniki, daktari alimuuliza, "Mama, dawa hii inakusumbua?"

"Hainisumbui hata kidogo."

"Mlima unapanda?"

"Vizuri kabisa."

Nikamtazama. "Daktari, kila akitoka mtoni anakaa njiani, pumzi hana."

Daktari akampima mapigo, akasema moyo unakwenda taratibu mno, akambadilishia. Sasa ikawa nifedipini.

Njia nzima mama alitembea upande wa pili wa barabara.

Dawa mpya ilimrudishia pumzi, na presha haikupanda. Siku za mwanzo kichwa kilimgonga, na vifundo vya miguu vikamvimba. Nilipomuuliza kuhusu baba, alijibu, "Hakuja. Nimelala kama gogo." Sikuthubutu kumuuliza tena.

Jioni moja alikuwa amepandisha miguu juu ya gunia la viazi, mimi namenya ndizi.

"Unajua baba yako alikuwa anaogopa vyura?"

Nikacheka. "Hiyo umeiota lini?"

"Sijaiota. Nilikuwepo."

Akaendelea kusimulia. Mvua ikaanza kugonga bati, nikasogeza kigoda karibu naye ili nisikie.