Marahaba ya Mjukuu

Kazi yangu ni kufundisha watoto wenye usonji, na mimi mwenyewe nilifundishwa kazi hiyo kwa semina ya siku tano. Kabla ya hapo nilikuwa na cheti cha kidato cha nne ambacho sipendi kukionyesha, na ndoto nyingi. Mpaka leo naota darasa lenye bustani, watoto wakizunguka wanavyotaka.

Huko Mgwashi, kijiji cha milimani, kulikuwa na binti wa miaka tisa aliyeshinda chumbani, komeo likiwa nje. Hakupigwa wala kunyimwa chakula. Babu yake alisema tu kwamba mtoto asiyeamkia watu hapiti njiani, maana aliwahi kuwapita wazee watatu kama miti, akaingia nyumba ya watu kukumbatia ndoo.

"Siku akiniamkia mimi," babu akaniambia, "Jumatatu yake utamchukua uende naye darasani kwako."

Nikaona kazi rahisi hiyo! Wiki tatu mama yake alinifungulia, nikaingia, akafunga tena, kwa sababu mtoto akiona mwanya hutoka mbio. Dirisha lenyewe dogo kama daftari. Nasema "shikamoo", naye kimya. Basi nikawa najijibu mwenyewe: "Shikamoo. Marahaba. Shikamoo. Marahaba." Siku moja nikasema shikamoo, sauti nyembamba ikajibu, "Marahaba." Nililia kwa furaha, nikampa kipande cha peasi. Ikawa kila marahaba, peasi. Wala sikujiuliza ninamfundisha nini.

Siku ya mtoto kupimwa salamu, babu alikuja na koti lake la kanisani. Mama akasimama mlangoni. Mtoto kimya. Babu akainama taratibu, akamkumbusha, "Sema basi: shikamoo."

"Marahaba," mtoto akaitikia, akanyoosha kiganja apewe peasi.

Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. Na mimi kidogo. Babu hakucheka.

"Mwalimu, kumbe mimi ndiye wa kumwamkia huyu?"

"Hapana, babu, kosa ni langu. Nimemfundisha upande wa pili. Mwache atoke tu, huko nje atajifunza upesi."

"Atoke awaitikie wazee wa kanisa marahaba? Si watasema tumemtuma?"

Nilitaka kumwambia kwamba mtoto ameongea, yeye ambaye mwaka mzima hakutamka neno.  Lakini na mimi nimelelewa milima hiihii. Mtu mzima akishasema, unaangalia chini. Nikaangalia chini.

"Anza upya," babu akasema, akatoka.

Mama alikuwa ameacha kucheka. Akabeba jembe lake, shamba lilikuwa linamngoja. "Utafunga wewe, mwalimu," akasema bila kunitazama.

Kiganja cha mtoto kilikuwa bado kimenyooka. Nikampa peasi lote. Alipoanza kutafuna nikatoka kinyumenyume, nikasukuma komeo polepole, kwa sababu hapendi sauti ya chuma.