Alama za Raba Mlangoni pa Ngitili

Jumapili iliyopita, kanisani hapa Bariadi mjini, padri kijana aliyepewa upadri juzijuzi alituhubiria habari za mchungaji mwema. Alihubiri vizuri, sina ugomvi naye. Ila nilitazama viatu vyake vilivyong'aa nikajua kwamba huyu hajawahi kukanyagwa na ng'ombe hata siku moja. Alisema mchungaji huwapeleka wanyama wake penye majani mabichi. Nikatamani kuinuka nimuulize: na mwezi wa tisa je, baba padri, huku kwetu Usukumani, majani mabichi unayatoa wapi? Nilinyamaza, maana mama mtu mzima hawezi kuanza mabishano katikati ya misa. Lakini mahubiri yaliyobaki sikuyasikia. Nilikuwa nimeshafika kwa baba.

Tulikaa kijijini, mbele ya Dutwa, mwendo wa baiskeli wa asubuhi nzima kutoka hapa mjini. Baba alilima pamba kama wengine, na juu ya hapo alikuwa katekista wa kigango chetu. Padri alitutembelea mara chache, kila baada ya miezi miwili au mitatu. Jumapili nyingine zote baba ndiye aliyetuongoza kusali. Wavulana nyumbani kwetu walichelewa kuzaliwa, kwa hiyo mimi, msichana na mtoto wa kwanza, ndimi niliyechunga ng'ombe. Wenzake baba walipomtania kwamba amegeuza binti kuwa mchungaji, aliwajibu kuwa ng'ombe wake hawajalalamika.

Dini aliifundisha kwa ng'ombe. Sisi watoto wa mafundisho ya komunyo alitupeleka zizini, akatuonyesha ng'ombe aliyelala anacheua. Akasema huyu alikula asubuhi, sasa hivi anakirudisha kile kile akitafune upya. Na wewe neno ulilolisikia Jumapili, Jumanne lirudishe ulitafune. Tulicheka sana. Jumanne yangu mimi niliitumia kutafuta matunda ya porini. Lakini leo, miaka yote hii imepita, ninayoyacheua ni maneno yake yeye.

Ili nieleweke, lazima niseme ngitili ni nini. Mvua zinapokwisha, wazee wa kwetu huchagua sehemu ya malisho wakaifunga. Hakuna anayeingiza mnyama humo. Majani yanaachwa yasimame, yakauke yakiwa marefu, hadi ule wakati wa njaa ambapo kwingine kote pamebaki vumbi. Hapo wazee hutangaza siku, ngitili inafunguliwa, na wanaoingia kwanza ni ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Ya kwetu ilizungushiwa ua wa katani na minyaa, na mlango wake ulizibwa kwa matawi ya miiba. Baba alikuwa mmoja wa waliopewa kazi ya kuutunza mlango huo. Aliyeuvunja alitozwa ng'ombe, ng'ombe huyo akachinjwa, wazee wakamla. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na ilikuwa ya zamani kuliko serikali ya kijiji.

Ilikuwa ile miaka ambayo watu waliita ya ruksa. Tulizoea chama cha ushirika peke yake kununua pamba. Sasa wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao, mmoja akifunga hapa, mwingine pale ng'ambo ya barabara. Watu wakalima pamba kila kipande walichokiona, na malisho yakazidi kupungua. Josho la kuogeshea ng'ombe nalo likabaki shimo tupu, kwa sababu dawa sasa ilikuwa juu ya kila mwenye ng'ombe. Na mitumba ikaja. Baba alinunua mnadani Dutwa raba moja nyekundu, yaani jozi moja, imechakaa pembeni lakini soli nzima, na chini ya soli kulikuwa na nyota. Kila nilipokanyaga vumbi niliacha nyota. Kijiji kizima kilivaa katambuga za matairi au kilitembea miguu mitupu. Mimi niliacha nyota. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na maringo yangu yalikuwa hayana mfano.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kibaya. Tulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu mwenye baka jeupe kifuani, mwenye mimba, niliyempenda kuliko wote. Alidhoofu hadi akashindwa kusimama mwenyewe. Kila asubuhi tulimnyanyua, baba akishika pembe, mimi na mama mkiani. Akishasimama alitetemeka magoti, kisha ananigeukia na kunilamba mkono, ulimi mkavu unaokwaruza. Nilimwambia baba tumpeleke ngitilini, yeye peke yake, mara moja tu.

"Mayu," baba aliniambia, maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, na wengi humwita hivyo hata binti wanayempenda, "zimebaki siku nane. Wagonjwa wa watu wote wanasubiri. Na wa kwetu atasubiri."

"Na akifa?"

"Akifa tutalia. Lakini hatutafungua."

Nilimchukia kwa jibu hilo. Nilimwona mtu wa sheria asiye na huruma, anayesali kwa sauti kubwa halafu anamwacha mnyama wake afe mbele ya majani. Siku mbili baadaye aliondoka na baiskeli kwenda semina ya makatekista. Mama alikuwa mtoni akifua. Nilimnyanyua yule mwekundu nikisaidiwa na shangazi aliyekuwa amekuja kututembelea, shangazi akaenda zake, nami nikamswaga ng'ombe polepole hadi mlangoni pa ngitili. Nikavuta matawi ya miiba. Tukaingia.

Sitadanganya kwamba nilisikia hofu. Nilifurahi. Majani yalinifika kiunoni, ya rangi ya ugali wa mtama, na ule mlio wa ng'ombe akikata majani makavu, krr, krr, niliusikia mtamu kuliko kwaya yoyote. Nilikaa chini nikamtazama akila. Nilijiona nina huruma kumshinda baba, na pengine hata Mungu ananitazama na kukubaliana nami. Alipotosheka, nikamtoa na kurudisha matawi. Lakini nilikuwa na mikono ya mtoto, na jicho moja lilikuwa kwa ng'ombe asije akaanguka. Niliyarudisha kama mtu anavyorudishia mlango kwa mguu.

Jioni makundi yaliyotoka kunywa maji yalipita pale. Ng'ombe mwenye njaa anausikia mwanya kabla hujauona. Wakaingia wachache, wakafuata wengine, na watu wa kijiji cha pili nao wakasikia habari, wakaja na ng'ombe wao kabla ya jua kuchomoza. Baba aliporudi siku ya pili asubuhi na mapema, akipitia njia hiyo hiyo kuuangalia mlango wake, ngitili ilikuwa imeliwa hadi kwenye mizizi.

Wazee walikutana pale pale mlangoni mchana wake. Nilikwenda na watoto wengine kuangalia, miguu mitupu, maana tangu asubuhi raba zangu sikuziona mahali nilipoziacha. Mzee mmoja aliuliza nani amefungua. Kulikuwa na mjane mmoja jirani yetu mwenye ng'ombe mmoja tu, naye mgonjwa, na macho ya baadhi ya watu yalianza kumwendea. Hapo baba akavua kofia.

"Ni mimi," alisema. "Niliingia kukagua kabla ya safari. Miiba sikuirudisha vizuri."

Yule mzee alimtazama sana. "Wewe, katekista?"

"Mimi."

Nilipaswa kusema. Miguu ilikuwepo, mdomo ulikuwepo. Badala yake nilisikia nafuu, nafuu kubwa ya mtoto: kumbe baba aliacha mlango wazi, kumbe si mimi! Nilijilazimisha kuamini hivyo, na kwa siku kadhaa nilifaulu.

Alitozwa maksai. Tulikuwa na wawili waliozoea kulima pamoja tangu wangali wadogo. Wazee wakamchukua yule wa kulia. Baba alikaa nao hadi nyama ikaiva, akaongea nao vizuri, hakula. Ng'ombe wa yule mjane alikufa wiki iliyofuata. Na wengine wanne pale kijijini. Yule mwekundu wetu akaishi. Mvua zilipoanza akazaa ndama jike, watu wakasema katekista kapata baraka, na mimi yale maziwa sikuweza kuyameza. Nilimwambia mama yananiumiza tumbo.

Sasa aibu yangu nyingine. Wiki zote hizo sikumlilia maksai wala ng'ombe wa mjane. Nililia raba. Nilimsumbua baba asubuhi na jioni: raba zangu nani kachukua, mbwa au wezi, kwa nini hujali, kwa nini huzitafuti? Siku moja nilimwambia kwamba baba za wenzangu wanatafuta vitu vya watoto wao. Alikuwa akiunganisha kamba za nira. Aliendelea kuunganisha, akasema, "Pole, mayu."

Msimu ule tulilima vibaya. Baba aliazima maksai wa mtu kila ilipowezekana, siku nyingine yeye na mama walishika jembe la mkono. Nikiwa shambani niliona jambo ambalo hadi leo sijalisahau. Yule maksai aliyebaki, hata akiwa hana nira, akiitwa alikuja kusimama upande wake wa kushoto, na upande wa kulia aliuacha wazi. Baba aliwaonyesha watoto wa mafundisho. "Mwangalieni," alisema, "bado anamwekea mwenzake nafasi. Ndivyo Mungu anavyomngojea aliyepotea." Wenzangu wakamwangalia maksai. Mimi nilimwangalia baba, naye hakunitazama.

Jambo jingine niliona bila kulielewa. Padri alipokuja mwezi ule, baba hakupokea komunyo. Alisimama pembeni, mikono imefungwa kifuani, sisi sote tukipita mbele yake. Nilidhani amefunga kuombea mvua. Wiki iliyofuata alichukua baiskeli kwenda parokiani peke yake, akarudi jioni, akala ugali wake wote akaomba mwingine.

Nikakua. Nikasoma, nikaolewa, nikahamia huku mjini. Kila nilipokwenda kumsalimu nilikwenda na maneno tayari mdomoni. Nilipiga goti, "Mwadila, baba," akaitikia, tukakaa, akauliza habari za watoto, nikajiambia nitasema tukishakula. Tukala. Nikajiambia kesho. Kesho yake kulikuwa na wageni. Mtu anaweza kuzeeka akijiambia kesho, na mimi hivyo ndivyo nilivyofanya, hadi simu ikapigwa asubuhi moja kwamba baba ametutoka.

Baada ya matanga nilibaki na mama tukichambua michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, uani. Kigoda cha baba kilikuwa pale ukutani, hakuna aliyekikalia. Nikamwambia mama yote, kuanzia matawi ya miiba. Alinisikiliza mikono yake ikiendelea na kazi.

"Alijua," alisema.

"Alijua nini?"

"Nyota zako zilikuwa zimejaa pale kando ya mlango, ambapo ng'ombe hawakukanyaga. Ndani kulikuwa na kwato maelfu, lakini pale pembeni ulipokaa, nyota tupu. Alizifuta kwa tawi. Akaja nyumbani, nyie mmelala bado, akachukua raba akazitia kwenye moto wa kuchemshia maji. Mimi nilimwambia mtoto aadhibiwe. Akasema akiadhibiwa mbele ya wazee, kijiji kitamwita mvunja ngitili hadi anaolewa."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema utakuja kumwambia mwenyewe. Asikuharakishe." Akatupa kipande kilichooza. "Kilichomuuma ni ule uongo. Yeye hakuwa mtu wa uongo. Ndiyo maana alikwenda parokiani kuungama."

Niliangalia kile kigoda. Miaka yote ile alikuwa anasubiri. Kila nilipoingia pale na vitenge na sukari na maneno yangu ya kesho, aliniwekea nafasi, nami nikaijaza habari za bei ya mahindi. Nililia siku ile kama nilivyolilia raba, kwa sauti, mtu mzima mwenye wajukuu, na mama akaniacha nilie.

Ngitili haipo tena. Nilikwenda kuitafuta: kuna pamba, kuna nyumba tatu za bati, na bodaboda zinapita pale pale palipokuwa na mlango. Nilivua viatu nikasimama kidogo, dereva mmoja akaniuliza kama nimepotea. Nilimwambia hapana, nasubiri mtu.

Hivyo basi padri kijana aendelee tu kuhubiri majani mabichi, atajifunza mbele ya safari. Mimi nasali sala ile ile niliyofundishwa zizini, asubuhi na jioni. Huanza vizuri, namwita Baba yetu aliye mbinguni. Nikifika pale pa kuomba kusamehewa makosa nasimama, kwa sababu ghafla sijui ni baba yupi ninayemwambia. Basi huwaambia wote wawili, kwa Kisukuma, kwamba ni mimi niliyefungua.